Vidoti vya Mjomba

Folda ilikuwa tupu. Fundi aliifunga, akaifungua tena, kana kwamba kompyuta ilikuwa inamtania tu. Tupu vilevile.

"Unaona nini?" Vidole aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja juu ya kiti.

"Subiri kidogo, kaka."

"Nimesubiri tangu tumefungua ofisi. Kompyuta inaniambia hakuna kitu, nikadhani sauti yake imeharibika. Sema, unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi leo tuko sawa," Vidole alisema, lakini hakucheka.

Vidole alikuwa haoni tangu utotoni. Katika kiwanda kile kidogo cha vitabu vya nukta nundu, ndiye aliyegeuza vitabu vya shule viwe vya kusomwa kwa vidole, na jina lake la utani lilitoka huko. Kitabu cha hisabati kilichopotea kwenye folda hiyo kilimchukua mwaka mzima. Wanafunzi wasioona wa shule ya bweni walikuwa wanakisubiri, maana muhula ulikuwa mlangoni.

Fundi ndiye aliyetunza kompyuta zote. Zamani Vidole alikuwa akibeba kazi yake kwenye flashi, anaisahau mfukoni, inafuliwa pamoja na suruali. Fundi akapanga mambo yajiendeshe yenyewe: kila Vidole alipohifadhi ukurasa, nakala yake iliruka hadi kwenye seva iliyokaa kwenye chumba cha nyuma. Njia ilikuwa ya kwenda tu, bila kurudi. Tena seva ilitunza matoleo ya zamani, ili mtu akikosea leo, arudishiwe ya jana. Laptopu ya mkurugenzi nayo aliiunganisha, lakini kwa kutazama tu.

Halafu mama yake Fundi alifanyiwa upasuaji wa goti, naye Fundi akaomba ruhusa kwenda kumuuguza. Asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa amerudi.

Alikwenda chumba cha nyuma, akafungua mipangilio ya seva. Laptopu ya mkurugenzi na kompyuta ya Vidole sasa zilisawazishwa na seva pande zote mbili: kilichofutwa huku kilifutwa na kule, mpaka kwenye folda ya Vidole. Utunzaji wa matoleo ya zamani ulikuwa umezimwa.

Mkurugenzi alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake, aliyemsomesha na kumpa kazi, na ambaye hakupitisha wiki bila kumkumbusha. Alipomwona Fundi na Vidole mlangoni pa ofisi yake, alimuwahi Fundi kwa maneno.

"Mtambo wako umetufedhehesha, mpwa wangu. Umekula kitabu!"

"Nani alibadilisha mipangilio, mjomba?"

"Nilimwita fundi mwingine anifungulie. Mimi ndiye mkubwa hapa, kwa nini nizuiwe kwenye seva yangu mwenyewe?"

"Na matoleo ya zamani?"

"Yalijaza nafasi bure."

"Kisha ukafuta nini?"

"Takataka tu! Mafaili yamejaa alama za ajabu, sijui dola, sijui nyota, herufi zimemwagika ovyo. Nikajua hivi ni virusi. Nikawasafishia."

Vidole alishusha pumzi. "Mkurugenzi," alisema taratibu, "hiyo ndiyo kazi yetu. Ndivyo inavyokaa kwenye skrini kabla mashine haijaigeuza vidoti."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Hapo Fundi akapasuka. "Ungejuaje? Mjomba, unaongoza kiwanda cha nukta nundu! Hujawahi hata siku moja kutazama tunachotengeneza? Hata kuuliza hukuuliza, na mwenyewe yuko chumba cha pili!"

"Shika adabu yako. Bila mimi ungekuwa wapi?"

"Popote, lakini nisingekuwa nimefuta kitabu cha watoto!"

Mlango ulibamizwa ukutani. Vidole alikuwa ameshatoka.

Jioni mama alipiga simu. "Mwanangu, mjomba wako kanipigia, sauti inamtetemeka. Umemvunjia heshima mbele ya watu. Muombe radhi, yaishe."

"Mama, yeye amemuomba nani radhi?"

"Ni mkubwa wako."

"Najua ni mkubwa. Goti linaendeleaje?"

Mama akakata simu.

Fundi alijaribu kila programu ya kurudisha mafaili. Alichopata ni vipande vipande, kama sahani iliyopasuka. Kilichowaokoa ni kabati la Vidole, lililokuwa na kurasa za kitabu zilizochapwa kwa majaribio, alizokuwa akizipapasa kutafuta makosa. Sura za mwisho, za jometri, hazikuwahi kuchapwa. Hizo zilikwenda na maji.

Wakaanza upya. Vidole alisoma kwa vidole akitamka, Fundi akachapa. Alitamka kwa hasira, kila hesabu utadhani anamgombeza mtu. "Mzizi wa tisa! Si hapo, futa..." Neno hilo liliwakwaza wote wawili, kisha wakaendelea.

Muhula ulifunguliwa kitabu hakijaisha. Mwalimu wa hisabati alipiga simu kuuliza awaambie nini wanafunzi wake. Fundi alimjibu ukweli wote, na kosa la mjomba hakulificha.

Siku moja mkurugenzi, ambaye laptopu yake Fundi alikuwa ameitoa kwenye seva, aliingia chumba cha Vidole, mikono nyuma. "Nasikia mnakwenda vizuri. Basi mniunganishe tena."

"Utaunganishwa," Fundi alisema bila kugeuka. "Kwa kutazama tu."

"Yaani hata kufuta nisiweze?"

"Hasa kufuta. Na ukimleta mtu mwingine aguse seva, mjomba, siku hiyo mimi naondoka."

"Tutaondoka wawili," Vidole aliongeza.

Mkurugenzi alisimama, akingoja mmoja wao alainike. Hakuna aliyelainika. Mwishowe aliokota karatasi mezani, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hapa pameandikwa nini?"

Vidole alinyoosha mkono, akaigusa. "Umeishika kichwa chini."

Mjomba aliirudisha mezani, akatoka bila kusema pole. Fundi alitazama mlango mpaka ulipofungwa.

"Endelea, kaka," alisema.

Sura za jometri, Vidole alipozigeuza upya, zilichapwa baadaye, zikapelekwa shuleni peke yake, nyembamba, wanafunzi wakiwa wameshafanya mtihani wa kwanza bila kitabu.