Msamaha Bila Jembe

Jumapili ile Wangare alikuwa kwenye benchi la tatu katika kanisa la mabati pale Bahati, akitazama sinema ya Pasta Maina. Mwanamume amechoma nyumba ya jirani. Sasa kapiga magoti matopeni, mvua inamnyeshea, kinanda kinalia, na yule mama aliyechomewa anakimbia kumkumbatia. Basi! Majina ya waigizaji yakaanza kupanda ukutani. Nyumba ilijengwa na nani? Yule mama na watoto wake walienda kulala wapi? Hakuna aliyeuliza. Waumini walikuwa wanapangusa machozi, na Celestine wa kwaya alilia huku ameshika simu yake.

"Hiyo ndiyo neema!" Pasta akanguruma.

Neema gani, Wangare akajisemea. Hata Zakayo, Bwana alipoingia kwake, alisimama akasema atarudisha mara nne. Hawa watu wa sinema wangekata picha pale pale anaposhuka mtini.

Na alijua fika kwa nini sinema imeletwa leo. Kamande, shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu mumewe Hiram, alikuwa mbele kabisa ndani ya suti. Mwezi wa nne huyo Kamande aling'oa matoka, yale maua ya mpaka ambayo baba yao aliwapandia wanawe wawili, akayapanda upya hatua saba ndani ya shamba la Wangare. Kaburi la Hiram likabaki upande wa Kamande. Tangu hapo, mjane akitaka kupalilia kaburi la mumewe lazima abishe hodi langoni kwa Kamande, na siku nyingine anaambiwa arudi kesho. Wangare hakutaka kingine duniani. Alitaka tu kumfikia mume wake bila kuomba ruhusa.

"Mama Linah, na ndugu Kamande, njooni hapa mbele!" Pasta akawaita Wangare na shemeji yake.

Kinanda cha kanisa kikaanza kulia, wimbo ule ule wa sinema, wala hawakuona aibu. Kamande akaanguka magotini akatoa machozi ya kutosha kumwagilia kitalu cha sukuma wiki. Celestine akainua simu. Wangare akapewa maikrofoni.

"Kamande, nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe zamani, nikiwa jikoni peke yangu, bila kinanda."

Makofi! Vigelegele! Kamande akaruka akamkumbatia shingoni kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Sasa twende shambani," Wangare akaendelea. "Jembe nimekuja nalo, liko hapo mlangoni. Unajua desturi yetu: aliyeng'oa matoka huyarudisha kwa mkono wake, watu wakitazama. Na watu ndio hawa."

Loh! Machozi ya Kamande yakakauka papo hapo. Akamtazama Pasta. Pasta akatazama saa.

"Mama, tusichanganye mambo ya roho na mambo ya udongo," Pasta akasema, mpole kupindukia, huku akimpokonya maikrofoni.

Jumatatu asubuhi Wangare alifika langoni kwa Kamande kumuuliza atayarudisha matoka lini. Kamande akamnyooshea simu aone Celestine alivyoirusha ile video: magoti, "nimekusamehe," kumbatio, kinanda. Imekatwa hapo hapo.

"Si ulinisamehe, Mama Linah? Watu elfu nne wameona. Ukianza tena hii maneno, wewe ndiye utaonekana una kinyongo."

Maneno matupu hayavunji mfupa, na Wangare alikuwa ameshayasikia ya kutosha. Alirudi nyumbani, akachukua lile jembe, akayang'oa matoka moja baada ya jingine na kuyarudisha kwenye mstari wa zamani, ng'ambo ya kaburi. Majirani waliokuwa wakivuna viazi wakasimama kutazama.

Kamande akaja mbio, mate yakimruka. "Nani amekuruhusu? Huo ni wizi! Nitakushtaki!" Kumbe mkuki ni mtamu kwa nguruwe tu.

Wangare akakanyagia udongo kwenye shina la mwisho, akaangusha jembe, akapiga magoti matopeni kando ya kaburi la mumewe, akamfungulia Kamande mikono.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Lakini ngoja kwanza, tumwite Celestine arekodi."