Njia ya Akiba

Hospitali kuu na tawi lake la ng'ambo ya mlima zilitumia mtandao mmoja wa faragha, hata kompyuta za pande zote mbili zikaonana kana kwamba zimo chumba kimoja. Kati yao palikuwa na njia mbili: njia kuu ya kila siku, na ya akiba, ili moja ikikatika nyingine ishike zamu. Ila njia hizo hazikupaswa kufunguliwa pamoja. Zikifunguliwa zote, ujumbe unaotumwa kwa wote hutoka kwa hii na kurudi kwa ile, ukazaa mwingine na mwingine, hadi mtandao mzima ukapaliwa kama mtu aliyemeza maji vibaya.

Upande wa hospitali kuu ulisimamiwa na mwanamke ambaye kila mtu alimwita Fundi. Upande wa tawi ulisimamiwa na mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Kidole tangu utotoni, kwa kuwa hapakuwa na redio nyumbani ambayo hakuichokonoa. Ndugu hawa wa tumbo moja hawakusemezana tangu Kidole alipomhamishia mama yao kwake bila kushauriana na dada mtu. Mambo ya kazi waliyapitisha kwa mkuu wao, kama watalaka wanaopokezana mtoto mlangoni.

Swichi, vile visanduku vinavyounganisha kebo za mtandao kila upande, zingeweza kujiamulia zenyewe njia ipi ilale na ipi iamke, lakini kwanza mafundi wa pande zote mbili wakubaliane swichi ya upande upi iwe kiongozi. Kukubaliana ndiko kulikowashinda. Ingetosha kuifunga njia ya akiba upande mmoja tu. Wao waliifunga pande zote mbili, kila mtu kwa mkono wake, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake.

Mama akaugua, akalazwa kwenye tawi. Siku ya upasuaji mvua ilikuwa imeibomoa barabara ya mlimani, na Fundi hakuweza kwenda. Muuguzi wa wodi alimwahidi kwamba kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji, wataongea kwa kioo cha kompyuta. Fundi alikuwa na neno moja tu. Siku mama alipohama, Fundi alimrushia maneno makali, na tangu hapo, kila walipopigiana simu, mama aliuliza, "Bado umenuna?" naye akajibu, "Sijanuna," kwa sauti ya mtu aliyenuna. Leo alitaka kumwambia kwa moyo mweupe kwamba yamekwisha.

Mvua ilimtia hofu. Je, njia kuu ikikatika katikati ya maongezi? Akaifungua njia ya akiba upande wake. Hakuna madhara, alijiambia. Kwa Kidole kumefungwa.

Uso wa mama ukatokea kiooni, mdogo juu ya mto mweupe.

"Mbona umekonda? Au kioo hiki kinanidhulumu?"

"Ni kioo, mama."

"Basi na mimi kimenifanya bibi kizee."

"Mama, wewe ni bibi kizee."

Muuguzi akasikika akicheka. Picha ikasitasita, ikarudi.

"Haya, mwanangu, niambie. Bado umenuna?"

"Mama, nisikilize vizuri, mimi..."

Uso ukaganda, macho nusu wazi. Fundi akaendelea kusema maneno mawili matatu kabla hajatambua kwamba anasema na picha. Mlangoni watu wa maabara na wa mapokezi walikwisha kufika: hakuna kompyuta iliyofanya kazi, wala simu za mezani, ambazo nazo zilipita humohumo.

Simu yake ya mkononi ilikuwa mfukoni. Kidole alikuwa jengo moja na mama. Angempigia, angeipeleka simu yake kitandani. Lakini kumwomba Kidole kulimwia kuzito kama kupiga magoti. Acha kwanza nitengeneze, alisema moyoni. Akadhani njia kuu imekatika, akaikagua kipande kwa kipande. Ilikuwa nzima. Ndipo alipoziangalia taa za swichi, zote zikiwaka na kuzimika kwa pupa, akaelewa. Akaifunga njia ya akiba.

Mtandao ukarudi mara moja. Kioo kikaonyesha mto wenye bonde pale kichwa kilipokuwa.

Sasa alimpigia.

"Kidole, ulifungua upande wako?"

"Niliona picha inasita, nikadhani njia kuu inakufa. Nikafungua, nikijua kwako kumefungwa. Usiniambie ulifungua, dada."

"Nilifungua."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

"Mama yuko wapi?"

"Wamemwingiza. Daktari hakuweza kungoja."

"Alisema chochote?"

"Wakati wanamsukuma aliniuliza kama bado umenuna. Nikamwambia sijui, akitoka akuulize mwenyewe."

Mama hakutoka akiwa hai.

Baada ya mazishi Kidole hakupitia kwa mkuu. Alimpigia dada yake mwenyewe, wakaupanga mtandao upya, kila mmoja akimsomea mwenzake alichoandika. Swichi ya tawi iwe kiongozi, alisema Fundi. Hapana, yako, alisema Kidole, na kwa mara ya kwanza ubishi wao ulikuwa wa kuachiana. Wakaafikiana iwe ya hospitali kuu. Kisha Fundi akaichomoa njia kuu kwa makusudi. Ile ya akiba ikaamka yenyewe, bila mkono wa mtu.

"Imepita," alisema Kidole.

"Nimeona."

Ilikuwa kazi safi, ya muda wa saa moja tu, asubuhi tulivu. Wangeweza kuifanya siku yoyote ya mwaka uliopita. Fundi akalaza kichwa mezani, kando ya kebo aliyoichomoa, akalia kwa sauti, na ndugu yake upande wa pili hakukata simu.