Ini la Cuihe

Asubuhi ya siku ya soko, mjane Cuihe aliweka mkono wa kushoto juu ya kimto cha kitambaa cha buluu, na Mganga Nong akamgusa mshipa kwa vidole vitatu: kimoja kusikiliza moyo, cha kati ini, cha mwisho figo. Chumba kilinukia maganda makavu ya machungwa.

"Ini limefura kwa hasira. Hebu vua kiatu, mama."

Kwenye gumba la mguu, inapoanzia njia ya ini, palikuwa pamechipua majani mawili mabichi. Mganga aliyatazama kama anavyotazama upele. Katika uganga wake, ini asili yake ni mti, na mti ukibanwa hutafuta pa kutokea.

"Nani kakuudhi hivi?"

"Shemeji yangu Baotang. Kamwaga saruji juu ya kaburi la mume wangu, ndugu yake tumbo moja, kajenga ukumbi wa kuchezea mahjong, huo mchezo wa vigae. Na mwenyekiti wa kijiji ni yeye. Nikashtaki wapi?"

Mganga alimpimia mizizi na magome, akafunga kwenye karatasi. "Chemsha, unywe. Makapi mwaga njiani, atakayeyakanyaga aondoke na ugonjwa."

Wengine humwaga njia panda, wasijue ni nani atakayepita. Cuihe aliyabeba makapi yake kwenye bakuli hadi mlangoni kwa ukumbi, akayatandaza taratibu kwa kiganja, kama anayeanika mpunga. Baotang akatoka na viatu vyake vya ngozi, akayakanyaga.

Majani ya Cuihe yakapukutika. Ya Baotang yakachipua gumbani, yakapanda ndani ya paja, yakapita mbavuni mpaka kwenye kope. Siku moja akiwa amekaa ukumbini, gumba lake likashusha mizizi, ikapasua saruji na kuzama. Alipotaka kuinuka, kuna aliyeishikilia kutoka chini.

Mganga Nong alikuja, akamshika mshipa. "Ukikata, unakufa. Bomoa ukumbi, aliyelala chini ataachia."

"Nibomoe? Unajua nimemwaga saruji kiasi gani hapa?"

Akaagiza aletewe chakula na muhuri wa kijiji, akaendelea kuongoza kutoka kitini.

Siku ya kufagia makaburi ilipofika, Cuihe alikuja na ufagio, chupa ya pombe ya mchele na mikate miwili ya mvuke ya kumtolea marehemu. Wachezaji walimsogezea viti apite.

"Shemeji, inua miguu nifagie."

"Ningeweza kuinua ungenikuta hapa? Mchawi mkubwa we!"

"Uchawi gani? Mimi nimekunywa dawa tu, kama nilivyoelekezwa."

Alifagia kuzunguka vifundo vyake, akapanga mikate, akamimina pombe kwenye ufa. Mizizi ikavutwa kidogo. Baotang akazama hadi nusu ya ugoko, akauma meno, jasho likimtiririka kwenye majani.

"Ukumbi sivunji!"

"Usivunje," Cuihe alisema, akikung'uta ufagio kwenye mguu wa kiti. "Kaka yako hana haraka."

Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani. Wachezaji wakavuta meza yao kwenye kivuli cha majani ya mwenyekiti, wakachanganya vigae upya.