Wino wa Zambarau Katika Daftari la Maombi

Kwa miaka kumi na tisa, tangu mume wangu Dale azikwe, daftari la maombi la akina mama wa kanisa letu lilikaa jikoni kwangu, kwenye droo ya vitambaa vya sahani. Mtu akiwa na shida alinipigia simu. Niliandika, kisha niliwapigia wawili, na kila mmoja wao aliwapigia wawili, hadi kufika mchana kanisa zima linaomba. Lakini yako mambo ambayo mtu hataki yafike popote. Hayo niliyazungushia duara. Duara maana yake Mungu na mimi Lorene tu, basi.

Mwezi wa tisa nilikwenda kuwekewa goti jipya, nikampa Tawnya Brubaker, mwenzetu kanisani, daftari alishike kwa wiki sita. Nilimwonyesha maduara moja moja. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Dada Lorene, mdomo wangu ni kaburi." Kucha za mkono ule zilikuwa za dhahabu, zina vipepeo.

Tawnya alikuwa akiuza stika za kucha. Ni rangi halisi iliyokatwa tayari. Unabandua, unabandika, unakwangua kinachozidi kwa tupa ndogo, umemaliza. Dukani hazipatikani. Lazima ununue kwa mtu kama Tawnya, naye yuko chini ya mwanamke mmoja wa mji wa Fort Wayne, na huyo ana mtu juu yake, sijui wanaishia wapi. Kila Alhamisi alasiri alifanya karamu yake ya mauzo kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Alisimamisha simu mezani, akaongea mubashara na walio majumbani, huku sisi tumekaa na biskuti zetu. Sikuwa na ubaya nazo. Hata mimi alinibandika za bluu zenye madoa meupe kabla sijaenda hospitali. "Madaktari wajue wanampasua bibi mwenye hadhi yake," akasema, nikacheka. Nilimpenda yule mwanamke. Nalisema hilo lijulikane.

Wiki ya nne, nimekaa na barafu gotini, Marlee Dutcher akaingia bila kubisha. Ana miaka ishirini na sita, anapima malori kwenye ghala la mahindi. Hakukaa. Akaninyooshea simu usoni.

"Soma."

"Miwani yangu, mwanangu, iko..."

"Basi nakusomea mimi." Akasoma kwa sauti kavu. "'Mpenzi Marlee, nimesikia kuhusu kitoto chako. Pole mno! Nimekuchagulia seti ya Malaika Mdogo, rangi ya waridi na mbawa za fedha. Mwanamke akitazama mikono yake imependeza, moyo nao unapona. Alika wenzako watano kwenye karamu ya Alhamisi, seti hii unaichukua bure.' Halafu kachora kimoyo. Halafu kingine."

Mimba yake ilikuwa imetoka Agosti, mwezi mmoja kabla ya goti langu. Mumewe alijua, na mimi nilijua. Mama yake mzazi hakuambiwa, kwa sababu angeufanya msiba wake yeye.

"Nilikuambia wewe tu, Bibi Lorene."

"Najua."

"Ulisema utazungushia duara."

"Nilizungushia."

"Duara lako limekuwa tangazo la biashara." Akatia simu mfukoni. "Nakuomba kitu kimoja. Usiniombee tena. Jina langu lisitoke mdomoni mwako, hata mbele za Mungu."

Akaondoka, mlango akauacha wazi. Sikuinuka kuufunga. Nilimzika Dale na nilimzika mama yangu, na sijawahi kuambiwa neno zito kama lile.

Alhamisi nilichukua fimbo yangu. Daktari alikuwa amenikataza ngazi, na za kwenda ukumbini ni kumi na nne. Nilizishuka nimeng'ang'ania reli, nikimwomba Mungu nisianguke kabla sijafika.

Walikuwepo wanawake tisa. Tawnya alikuwa mbele ya simu yake, anageuzageuza vidole. "Haya wapenzi wangu, tazameni mng'ao huu! Na huyo nani? Dada Lorene kafufuka! Njoo uwaonyeshe kucha zako, shoga yangu!"

"Nipe daftari."

"Tuko mubashara, Dada."

"Na iwe. Nipe daftari langu."

Akalitoa kwenye mkoba, katikati ya pakiti za stika. Nikalifungua nimesimama pale pale. Pembeni ya kila hitaji, kwenye maduara na pasipo maduara, palikuwa na maandishi mapya ya wino wa zambarau. Yalikuwa majina ya seti. Sitaandika hapa ni shida ya nani iliyopewa seti gani. Nitasema tu kwamba iko seti inayoitwa Usiku wa Divai, na ilikuwa mbele ya jina la mwanamke ambaye, kwa sababu ya mumewe, hawezi hata kuvumilia harufu ya divai.

"Tawnya," nikasema, "umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Umewauzia watu kwa kufuata machozi yao."

"Kuuza! Jamani, nilikuwa nafariji! Kiongozi wetu wa mauzo alituambia tuorodheshe watu mia tunaowajua, na kila mmoja tuandike anaumia wapi. Kila mtu ana huduma yake, Dada. Wewe yako ni simu, mimi yangu ni kucha."

Opal, mpiga kinanda wetu, akaweka biskuti yake chini. "Lorene, una goti bovu na dawa kali. Tawnya hawezi kufanya jambo hilo. Tusomee tusikie."

Nilifungua mdomo nisome. Sitadanganya, nilitaka. Nilitaka nilisome lote, ukurasa kwa ukurasa, hadi yule mwanamke akose pa kuweka uso. Ndipo nikaona simu inatutazama.

"Zima hiyo."

"Kuna watu sitini wanaangalia!"

"Opal, ifunike."

Opal akatupia kitambaa cha vyombo juu yake. Nilichukua karatasi mbili za ratiba ya ibada ya Jumapili, nikafunika ukurasa juu na chini, nikaacha mstari mmoja tu. "Njooni mmoja mmoja. Kila mtu aone wake, asione wa mwenzake."

Opal akaja wa kwanza. Aliusoma mstari wake mara mbili. Kisha akafungua mkoba, akatoa pakiti ambayo hajaitumia, akaiweka mapajani mwa Tawnya.

"Ulinitumia hii siku tuliyomzika kaka yangu," akasema. "Nilidhani umenikumbuka."

"Nilikukumbuka, Opal! Naapa mbele za Mungu nilikukumbuka!" Na akalia, machozi ya kweli. Aliamini anachosema. Hapo ndipo nilipokasirika kuliko mwanzo, kwa sababu mwizi anayejua kaiba unaweza kumwambia arudishe.

Stika zile hutolewa kwa kuloweka vidole kwenye maji ya moto na mafuta, taratibu. Mimi zangu nilizibandua kavu, zote kumi, na tabaka la juu la kucha likatoka nazo. Niliziacha mezani mbele yake. "Chukua huduma yako," nikasema. Wengine walikuwa bado wanapanga foleni kwenye daftari, na hakuna aliyekula tena.

Foleni ilipokwisha, Opal alinipeleka kwa gari hadi ghalani. Marlee alikuwa kwenye dirisha la mizani.

"Sikuja kumwombea Tawnya msamaha," nikamwambia. "Ajiombee. Nimekuja kwa kosa langu. Ulinipa siri yako mimi, na mimi nikampa mtu." Nikampa daftari na mkasi. "Kata mstari wako."

Akaukata, akaukunja mara nne. Kisha akaitazama mikono yangu.

"Ulizibandua kavu?"

"Ndiyo."

"Una wazimu, Bibi Lorene." Lori likapiga honi, akageuka kwenye mizani yake. Hakusema kwaheri.

Daftari nililichoma kwenye jiko la kuni. Siku hizi wanaonipigia nawaweka kichwani, na wawili nimeshawasahau, jambo linaloniuma. Mchungaji anasema nimsamehe Tawnya. Kila asubuhi naanza sala hiyo, na kila asubuhi inakwama kwenye jina lake. Mungu anajua nimekwama wapi, sijamficha.

Marlee sikumwombea. Alikataza, nikatii, na ilikuwa kazi ngumu kuliko ngazi zile kumi na nne. Kucha zangu zilichukua miezi mitano kuota upya. Jumatatu baada ya Pasaka simu ililia, nina unga mikononi.

"Bibi Lorene, ni mimi. Jana nilimwambia mama juu ya ile iliyotoka."

"Ee, mwanangu."

"Bado nina hasira."

"Hata mimi."

"Nina jambo jingine. Safari hii ni la heri, lakini ni mapema mno, naogopa. Waweza kuniombea?"

Kalamu ilikuwa pale kando ya simu. Sikuigusa. Nilifumba macho, nikalitaja jina lake.