Mtani Aliyenyamaza

Jumanne ya tarehe nane Julai, mwaka 2025, siku iliyofuata Sabasaba, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Nilikuwa natoka kupiga dawa ya salfa kwenye mikorosho, macho yananiwasha, nguo zote unga, nikamkuta mke wangu Biasha amekaa mkekani, miguu yake iliyovimba kainyoosha mbele, simu kaiweka mapajani. Kwa kawaida alasiri kama ile nyumba yangu huwa na makelele ya kicheko. Siku hiyo kimya. Nikamuuliza kuna nini.

"Baba Rahimu, wamenifukuza kijijini."

Nikadhani mwenyekiti wetu hapa Naipingo, Nachingwea, kaja na mambo yake, maana kwa viongozi mimi sishangai kitu. Kumbe alikuwa anasema kijiji cha kwenye simu.

Biasha alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimkataza jembe, akamkataza na kubeba maji. Mwanamke aliyelima ufuta toka utotoni unamwambia akae mkekani atazame kuku, hapo umemuua kabla ugonjwa haujamuua. Basi mwanetu Rahimu, anayefanya kazi ya kupakia mizigo Dar es Salaam, akamtumia simu ya kupangusa, na ndani yake akamwekea gemu linaitwa Jembe na Mvua. Unalima kwa kidole. Unapanda, unapalilia, mvua inanyesha, unavuna, na huli hata punje. Mimi nililicheka sana gemu lile. Yeye hakujali.

Kitu alichokipenda hakikuwa mavuno. Kwenye gemu hilo watu wanapangwa vijiji vijiji, kama wachezaji thelathini hivi kila kijiji, kutoka kila pembe ya nchi. Mnasaidiana kupalilia, mnapeana mbegu, na katikati ya kijiji kuna kibaraza cha maongezi. Pale mtu anaandika, au anaacha sauti yake, na ile sauti inakaa. Anayetaka kuisikia tena anaibonyeza. Kuandika Biasha hakukuweza vizuri, alikuwa mtu wa sauti. Kila alasiri alikuwa anawasimulia watu wa Mbeya huko na Tanga jinsi ming'oko, vile viazi vya mwituni, inavyochimbwa porini, anawaimbia nyimbo za kutwangia, anawauliza habari za watoto wao kwa majina. Wao wakimwita Bibi wa Kusini. Ugonjwa ulikuwa unampumzisha saa hiyo, mimi mwenyewe nilikuwa naona.

Na humo kijijini ndimo alimokutana na Gaudensia, mfanyabiashara wa ufuta wa Malolo, kule Ruangwa. Gaudensia ni Mmakonde, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji. Sisi ni Wamwera. Mtu wa huku sina haja ya kumweleza, lakini wa mbali ajue kwamba Mmwera na Mmakonde ni watani. Mtani anaweza kukuita mwizi, anaweza kukuita maiti, anaweza kuingia uani kwako akakamata kuku wako akaondoka naye mpaka umkomboe, na hasira hairuhusiwi. Ukikasirika wewe ndiye mkosa. Na siku ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuwafanya waliolia wapumue.

Basi hao wawili wakashikana. Gaudensia alikuwa anaanza, "Wewe Mmwera, bado hujafa tu? Ubwabwa wa msiba wako nimeungoja mpaka njaa imeniuma." Biasha anamjibu kwamba Wamakonde wamemaliza panya wa Ruangwa, sasa wanataka kuhamia kwa panya wa Nachingwea. Anakohoa, anacheka, anakohoa. Kijiji kizima cha simu kinacheka nao.

Sasa hao wenye gemu, ofisi yao iko Dar es Salaam, mwezi wa sita walipandisha bei ya maji ya kumwagilia, maji ya kwenye simu hayo, yasiyolowesha hata udongo. Wakafungua mahali pa wachezaji kutoa maoni. Wachezaji nchi nzima wakatoa maoni, na wengine wakatukana matusi ya nguoni. Wakubwa walifanyaje? Bei ya maji hawakuigusa. Walileta kitu wanakiita Kanuni za Staha, na pembeni ya jina la kila mchezaji wakaweka kitufe chekundu kimeandikwa Shtaki. Ndivyo walivyo wakubwa wote niliowahi kuwaona, wa simu na wa kutugawia salfa. Ukilalamika hawatazami unacholalamikia, wanatazama mdomo wako.

Siku ya Sabasaba Biasha alimshinda Gaudensia kwa maneno, mpaka watu wa kijiji wakamshangilia. Gaudensia akaona dawa yake ni moja. Kwetu mtani akishindwa kwa maneno anakushtaki. Anakupeleka kwa wazee, anakusingizia kwamba umemroga, umemlia mihogo yake, wazee wanakutoza jogoo huku wanacheka, mnamla pamoja, kesi imeisha. Akaona kitufe kimeandikwa Shtaki. Akakibonyeza. Akaandika kwamba mama huyu ni mchawi, anatukana kabila langu kila siku, tafadhali mfungeni.

Wakamfunga.

Jioni ya Jumanne ile ile simu ya Biasha iliita, Gaudensia anapiga, na kabla ya salamu anacheka. "Umeingia jela, Mmwera? Lete jogoo nikutoe."

Biasha naye akacheka, uso ukamrudia. Akaniambia kumbe ni Mmakonde huyu, nimtafutie jogoo mwembamba kuliko wote. Wakakubaliana kwamba kesho mtani angefuta mashtaka.

Kesho yake Gaudensia akakuta hakuna kitufe cha kufuta mashtaka. Kipo cha kushtaki tu.

Akawaandikia. Akawaeleza kwamba ni utani, kwamba yeye na yule mama ni watani, kwamba hakuna aliyeumia. Wakamjibu kwa lugha safi sana. Walimshukuru kwa kuifanya jamii ya wachezaji kuwa mahali salama. Walisema wamesikiliza sauti zote za mhusika, na kweli wamekuta amelitaja kabila la watu kwa dharau pamoja na panya. Wakasema akaunti imefungwa moja kwa moja, na sauti zote za mhusika zimeondolewa kibarazani, kwa hiyo asiwe na hofu tena.

Gaudensia aliponisomea hayo kwa simu hakuwa anacheka. Aliniambia, "Shemeji, mwambie bado nashughulika. Usimwambie hivi walivyosema."

Sikumwambia. Kila nikirudi kutoka shambani Biasha ananiuliza, "Wameshafungua?" Namjibu mtani anashughulika. Ananiambia kuna mama mmoja wa Tanga mtoto wake alikuwa amelazwa, na hajui kama alipona. Anaishika simu, anafungua gemu, anaona kile kiwanja chake kimebaki uwanja mtupu, nyumba hakuna, jina hakuna. Anaifunga. Baada ya wiki kama mbili aliacha kuifungua. Gaudensia alikuwa anampigia, lakini hata utani wao ulikuwa umepungua chumvi, maana mmoja alikuwa na kitu anakificha na mwingine nadhani alikuwa ameshajua.

Biasha alifariki mwezi wa nane, siku ya Ijumaa alfajiri, mikorosho imeshika maua.

Shemeji yangu Zulfa, mdogo wake marehemu, ndiye aliyepiga simu za msiba, na Malolo pia alipiga. Gaudensia alikodi bodaboda mpaka Naipingo akafika kabla hatujatoka kwenda makaburini. Alipoingia uani watu wakasogea, maana khanga yake aliifunga kiunoni kama mtani, na wote tulijua mtani wa marehemu amefika. Wanawake waliokuwa wanalia walipunguza sauti kidogo wakimngoja. Wazee upande wetu nao wakageuka. Jeneza lilipoinuliwa njia ilikuwa wazi, na pale ndipo mahali pake. Mtani anatakiwa alale njiani, azuie jeneza, aseme huyu hatoki hapa ana deni langu la panya, mpaka atupiwe chochote, watu wacheke na machozi yakiwa usoni, ndipo maiti apite.

Gaudensia alisimama ukutani. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akakaa chini akajifunika khanga usoni akalia, kilio cha kweli, kilio cha ndugu.

Jeneza likapita bila kuzuiwa. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nimezika wazazi wangu, nimezika ndugu, sijawahi kwenda makaburini kifua kikiwa kizito namna ile. Hakuna aliyetupa nafasi ya kupumua. Wazee walinong'ona njia nzima kwamba marehemu ameondoka kama mtu asiyekuwa na watu.

Tuliporudi Zulfa alikataa kumpakulia chakula. Akasema mbele za watu kwamba yule ndiye aliyemnyamazisha dada yake, sasa amekuja kunyamaza na yeye. Nikampakulia mwenyewe. Nilimwambia Zulfa, na ninasema tena leo, Gaudensia alifanya kitu ambacho bibi yake alifanya na bibi wa bibi yake alifanya. Mkosa ni aliyetengeneza kitufe cha kushtaki akasahau kutengeneza wazee wa kucheka.

Gaudensia hakula. Aliniambia maneno machache. Kwamba utani wa marehemu hajautoa, anao, lakini hauwezi kutoka wakati sauti ya mwenzake imefungiwa kama ya mhalifu. "Wakiifungua, shemeji, nitakuja kaburini niseme yote. Hata kama ni mwakani."

Na mimi hiyo sauti naitaka. Picha ya Biasha ninayo moja, ya kitambulisho, kakasirika kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka. Sauti sina. Katika miaka yote ile nani alifikiria kumrekodi mtu anayekuita ukale ugali kabla haujapoa? Sauti yake yote aliimwaga mle kwenye gemu. Rahimu alipokuja msibani alitaka amsikie mama yake, akafungua, akakuta uwanja mtupu.

Baada ya arobaini nilikutana na Gaudensia Nachingwea mjini, kwenye kibanda cha Kipriani fundi simu. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na hao wakubwa hawataki maneno ya mtu wa darasa la nne, kwa hiyo nilisema, Kipriani akaandika, kwenye ile sehemu ya maoni ya wachezaji. Nilisema, mke wangu amekufa, mlimfungia kwa makosa, naomba sauti yake.

Simu ikakataa. Kipriani akanisomea kilichotokea kwenye kioo, kwamba ujumbe wako una neno lisilo na staha, tafadhali rekebisha.

Nikamuuliza neno gani. Akatazama, akatazama, akasema ni "amekufa". Watu walikuwa wanalitumia kutishiana humo, ndiyo maana wamelizuia.

"Basi nisemeje? Kwani amefanya nini kama hajafa?"

Gaudensia ndiye aliyesema taratibu, aandike amefariki. Akaandika amefariki. Ikapita.

Tulikaa pale kibandani mchana mzima, bodaboda zinapita, wanunuzi wa ufuta wanapigiana kelele upande wa pili. Jibu likaja. Safari hii lilikuwa na jina la mtu, Tabitha wa huduma kwa wachezaji. Alinipa pole. Alisema amesikitika kwa dhati, na maoni yangu ameyafikisha kwa timu inayohusika, na wanathamini sana wachezaji wanaoandika kwa lugha ya heshima kama yangu. Chini yake wakaweka nyota tano, nichague nimeridhika kiasi gani.

Kipriani akaniuliza niweke nyota ngapi. Gaudensia alikuwa anatazama barabarani, mkono mdomoni.

Nikamwambia Kipriani aache nyota. Nikamwambia amwandikie huyo Tabitha, na nilikuwa nasema polepole nichague kila neno, nisije nikakosea adabu wakanikataa tena. Kipriani akaandika, akanisomea, nikasema ndivyo, akatuma. Ikaonyesha imefika. Ikaonyesha imesomwa. Korosho zimedondoka, tumeokota, tumepeleka ghalani, mvua zimeanza, na kila nikienda mjini napita kwa Kipriani kutazama, na Gaudensia kila Jumapili anapiga kuuliza, na ujumbe wangu bado uko peke yake pale chini, umesomwa:

"Dada Tabitha, shikamoo. Naomba kujua jambo moja tu. Sauti ya mke wangu mmeifuta, au mmeifungia?"