Wapangaji Watatu wa Mwalimu Dorothea

Mwalimu Dorothea alipostaafu, alimalizia nyumba ndogo ya kupangisha nyuma ya nyumba yake, Kizota. Rangi haijakauka vizuri, dalali Sostenes akatua getini kwa bodaboda kutoka Majengo.

"Shikamoo, Mwalimu. Niachie ufunguo nikuletee mpangaji. Mimi nachukua kodi ya mwezi mmoja tu."

"Marahaba. Kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kufungua mlango? Mlango naufungua mwenyewe!"

Akachana boksi, akaandika NYUMBA INAPANGISHWA, DALALI HATUMTAKI, na namba yake ya simu, akalitundika getini.

Bunge lilikuwa karibu kuanza na mji mzima ulikuwa unatafuta pa kulala. Simu iliita mpaka ikapata moto. Tangu astaafu hakuwahi kutafutwa hivyo, akawa anatembea kama bibi harusi.

Wa kwanza kuja alikuwa Ruthu, muuguzi aliyehamishiwa Dodoma, binti mwenye kicheko cha kuambukiza. "Njoo Jumamosi, mwanangu," Dorothea akamwambia. Jioni akaja Abdulrahim, karani mpole, na mkewe mjamzito. Nani angemkatalia mjamzito? "Njooni Jumamosi." Kesho yake akaja Batholomeo, mpiga kinanda wa kwaya, akaimba sebuleni ili asikie sauti inavyorudi. Dorothea akajikuta anamwitikia kwa sauti ya pili. Walipomaliza wimbo, naye alikuwa ameshaambiwa Jumamosi.

Kila alipomkubalia mmoja alishika simu ili amwambie mwingine basi, akaona haya, akairudisha mezani.

Jumamosi asubuhi kirikuu tatu zilijibana kwenye uchochoro wake, moja na kitanda, moja na friji, moja na spika kubwa kama kabati. Madereva wakapigiana honi. Majirani wakatoka na vikombe vyao vya chai.

"Mwalimu," Ruthu akauliza, "mpangaji ni nani hasa?"

Dorothea alitazama kirikuu zote tatu. "Nyote," akasema, halafu kicheko kikamshika mpaka akakalia ngazi. Ruthu akaangua, mke wa Abdulrahim akafuata huku ameshika tumbo, na hata dereva mmoja akazima honi acheke vizuri.

Alipopata pumzi, akampigia Sostenes. Alifika upesi, akasoma lile boksi getini, akatikisa kichwa. Hakumsuta.

"Ninazo nyumba mbili," akasema. "Ya kwanza imeshaisha kujengwa kabisa, mwenye nyumba ananisubiri. Ya pili ni ya mama mmoja anaitwa Angelina. Huyo kila ninayempeleka anamkataa."

Ruthu, aliyekuja wa kwanza, akabaki. Wengine wakaondoka kwa msafara, Dorothea kiti cha mbele, Batholomeo nyuma juu ya magodoro akipiga kinanda chake cha betri. Watoto waliwakimbilia wakidhani ni harusi, na Dorothea akawapungia mkono kama bibi harusi kweli.

Abdulrahim na mkewe wakaipenda ile ya kwanza hata kabla ya kuona jiko. Kwa Angelina ikawa kazi. Mama huyo alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Ni kijana mtulivu sana, mama," Sostenes akaanza. "Hutasikia hata mlango..."

"Muongo huyo," Dorothea akamkatiza. "Kijana ana kelele, mdogo wangu, sikufichi. Lakini kwanza msikilize."

Batholomeo akapiga. Angelina alivumilia ubeti wa kwanza. Kwenye kiitikio mguu ukamsaliti, kisha mabega, na wimbo haujaisha alikuwa anapiga vigelegele huku ameshikilia ufunguo juu.

Nje, Sostenes alimtazama Dorothea kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Mwalimu, nimehangaika na yule mama miezi! Tufanye kazi pamoja. Mimi nazijua nyumba, wewe watu wanakuamini."

"Mimi, dalali?"

"Dalali."

Moyo ulimruka, akajikaza asionyeshe. "Kwa sharti moja. Mteja akiuliza maji yanatoka lini, tunamwambia ukweli."

Sostenes aliguna kama anayeng'olewa jino. "Hata maji, Mwalimu?"

"Maji kwanza."

Akakubali. Dorothea akajifunga khanga vizuri, akapanda nyuma ya bodaboda ya Sostenes, na kote njiani kurudi Kizota akawa anamwonyesha mageti: "Hii je? Ina mtu? Na ile pale ya bati jekundu?"