Sare Mia na Ishirini

Debora Masagasi alikuwa na cherehani nne katika chumba cha kupanga, Majengo, na mafundi watatu waliomtegemea. Mwaka jana Bwana Geofrey, mwenye kampuni ya walinzi, alimpa kazi ya kushona sare mia na ishirini. Wakaandikishana mkataba: milioni mbili alitanguliza, milioni nne zilizobaki angelipa ndani ya siku thelathini baada ya kupokea mzigo. Mzigo aliupokea mwenyewe, akauhesabu, akasaini.

Siku thelathini zikawa tisini. Kila akipiga simu anaambiwa mara bosi kasafiri, mara benki ina matatizo. Debora alikuwa amekopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa ili anunue kitambaa, na wenzake wakaanza kumpigia simu. Akauza cherehani moja kulipa deni. Fundi wake Joha akabaki hana mashine, akarudi kwao Haneti.

Debora akaenda ofisini kwa Geofrey. Mlinzi wa getini akamzuia.

"Shikamoo mama. Bosi amesema usiingie."

"Marahaba. Hilo shati ulilovaa nimelishona mimi."

"Najua, mama," kijana akasema, akaangalia pembeni.

Wakati huohuo gari la Geofrey likatoka. Akashusha kioo.

"Mama, kazi yako mbovu. Mishono inafumuka. Kama hujaridhika, nenda mahakamani!" Akacheka, akaondoka.

Kwa hasira Debora hakuita hata bajaji. Akatembea kwa miguu mpaka Ipagala, kwa Ruthu, msaidizi wa kisheria. Wakaandika barua ya madai, wakampa Geofrey siku kumi na nne. Hakujibu. Wakafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Mara tatu shauri likaahirishwa kwa sababu mdaiwa hakutokea, na kila mara Debora alikuwa amefunga ofisi yake kutwa nzima.

Mara ya nne Geofrey akaja, na shati mkononi.

"Mheshimiwa hakimu, jionee mwenyewe." Mshono wa kwapani ulikuwa wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Debora akaomba alishike. Akaligeuza ndani nje, akalisogeza dirishani.

"Mheshimiwa, mshono ukifumuka kwa kuvaliwa, uzi hukatika hapa na pale, na kitambaa huvutika. Huu umekatwa kwa wembe. Na shati lenyewe halijawahi hata kufuliwa, bado lina ugumu wa kitambaa kipya. Sasa limefumukia wapi?"

Mzee mmoja wa baraza aliyeketi na hakimu, mama mwenye miwani, akalipapasa shati, kisha akamnong'oneza hakimu. Hakimu akamgeukia Geofrey.

"Walinzi wako leo wamevaa nini?"

Geofrey akakohoa. "Hizo hizo, mheshimiwa."

"Kama ni mbovu, ulimrudishia lini?"

"Sikumrudishia."

Hukumu ikatoka wiki iliyofuata: alipe milioni nne pamoja na gharama za shauri. Nje ya mahakama, Geofrey akamfuata Debora, tena anatabasamu.

"Hongera mama. Tusiwekeane kinyongo. Nina kazi ya makoti, nikuletee?"

"Uniletee?" Debora akapaza sauti, watu wakageuka. "Umenikatia shati kwa wembe, umenichafulia jina mbele ya hakimu, halafu unaniletea makoti? Lete hela yangu!"

Hakuleta. Miezi miwili ikapita, Debora akarudi mahakamani kuomba hukumu itekelezwe. Asubuhi moja dalali wa mahakama akafika kwa Geofrey na amri ya kukamata gari. Kabla ya saa sita mchana fedha zote zilikuwa zimelipwa.

Ruthu akampigia simu Debora, akishangilia. Debora alikuwa kwenye cherehani. Akasimamisha mashine.

"Kwa hiyo alikuwa nazo," akasema. "Miezi yote ile, Ruthu, alikuwa nazo."

Akakata simu, akaweka uso kwenye viganja, akalia kwa uchungu.